Nani Atakaa na Mizigo?

Kila mwaka, mwezi wa nane, kwaya za Arusha na Meru nzima zilikutana kwa siku tatu kwenye tamasha kubwa la uimbaji, na kila mwaka kwaya ya Elerai ilifika uwanjani na swali ambalo hakuna aliyelitoa mdomoni. Magodoro yakishashushwa kwenye lori na mahema yakishasimama, watu walinyamaza kidogo, wakakohoa, wakatazamana. Nani atakaa na mizigo? Halafu macho yote yalimwendea mama mmoja mrefu mwenye shuka jekundu begani, ambaye wakati huo alijifanya anatafuta kijiko kwenye kikapu.

Mama huyo ni Nalepo, mke wa Koikai, mama yake Saruni, na mwenyewe ni muuza maziwa wa Elerai. Kama hujawahi kunywa chai ya maziwa yake, pole sana.

Alizaliwa upande wa magharibi wa Mlima Meru, huko Oldonyo Sambu, ambako vumbi halina adabu na baridi ya asubuhi inang'ata masikio. Utoto wake wote uliishia kwenye ndama. Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwanyooshea kidole moja, mbili, tatu, umewaitia mkosi. Jioni wakiingia bomani unawatazama tu, kila mmoja kwa rangi yake na pembe zake, na akikosekana mmoja jicho lenyewe linajikwaa pale alipotakiwa awe. Nalepo alikua na jicho hilo, akaolewa nalo, akahamia nalo Elerai. Aliweza kukutana nawe sokoni leo, na baada ya miezi sita akakuuliza kile kikapu chako chenye mkono ulioshonwa kwa uzi wa kijani kimeishia wapi.

Basi jicho hilo ndilo lililomponza. Mwaka themanini na tisa, kwenye tamasha lake la kwanza, mafua yalimkaba koo, akabaki hemani wenzake walipokwenda kuimba. Akatokea jamaa mmoja mtanashati, mwenye kunukia, akasema ametumwa begi la mwalimu. Nalepo akamuuliza ni lipi. Jamaa akaonyesha. Nalepo, na koo lake bovu, akamweleza taratibu kwamba hilo ni la mama mwingine, kwamba la mwalimu lina zipu iliyong'oka meno mawili, na kwamba viatu alivyovaa yeye mjumbe ni vya mpiga ngoma wa Elerai, maana kile cha kushoto kina alama ya lami. Jamaa alitoka mbio, viatu akaviacha. Uwanja mzima ulipata habari, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mama Mizigo. Alifurahi, maskini. Hakujua kuwa sifa nazo ni kamba.

Kwa maana hapo ndipo alipofungwa. Miaka saba mfululizo kwaya ilipopanda jukwaani, Nalepo alikaa kwenye mlango wa hema, akaisikia kwaya yake kwa mbali, upepo ukimletea nusu ya beti na kuondoka na nusu. Akipiga makofi, anapiga peke yake. Katibu akirudi kuuliza mabegi mangapi, jibu lake lilikuwa moja tu: wapo wote. Alisema wapo, kama vile wana miguu minne. Na ukiingia ofisi ya usharika utaona picha saba za kwaya za miaka hiyo ukutani, moja kwa kila tamasha, na Nalepo hayumo hata kwenye moja. Wahenga hawakukosea waliposema asiyekuwepo na lake halipo.

Tuseme kweli pia, mizigo yenyewe ilikuwa imenenepa. Miaka ile ya foleni za sabuni, mwanakwaya alikwenda tamashani na blanketi, mswaki na kitabu cha nyimbo. Mwizi angeiba nini, mswaki? Ilipokuja ruksa ya biashara huria, kila kitu kikafurika madukani, na kila mtu akataka kulala tamashani na kila kitu. Radio kaseti. Chupa za chai zenye maua. Viatu vya mtumba vya ngozi halisi, jozi mbili, moja ya kuimbia na moja ya kupitia mbele ya kwaya nyingine. Mtu anakuja kumwimbia Mungu siku tatu, amebeba pasi! Na wezi, nao si wajinga, wakajifunza nyimbo ili wafanane na waumini.

Mwaka tisini na sita mambo yakageuka. Mwalimu wa kwaya alikuwa Eliasi, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, ila kwenye muziki ana roho ngumu. Asubuhi moja alipita kwa Nalepo kuchukua maziwa akamkuta anakamua, na huku anakamua anamwimbia ng'ombe kwa Kimaasai, sauti nzito inayopanda taratibu na kushuka taratibu. Eliasi alisimama na kibuyu mkononi mpaka ng'ombe akamalizwa. Kwa wiki mbili hakulala vizuri, na alipoamka alikuwa ametunga wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mvua, na katikati ya wimbo kuna ubeti wa mtu mmoja, kwa sauti ile ile ya kukamulia. Akajaribu waimbaji watatu. Wapi. Ubeti ulikuwa na mwenyewe.

Nalepo alijifunza miezi minne. Aliimba akikamua, akaimba akichota maji, mpaka mzee Koikai akalalamika kwamba ng'ombe sasa anajua ubeti kuliko mchungaji. Usiniulize kama aliutaka ubeti huo. Aliutaka mno. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuna aliyewahi kumsikia akiimba peke yake ila ng'ombe. Jioni ya mazoezi ya mwisho alisimama mbele ya watu arobaini, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema.

"Mwaka huu sikai na mizigo."

Watu wakapiga makofi. Halafu makofi yakapungua, maana kila mmoja alikumbuka pasi yake.

Aliyeokoa hali ni Hedwiga. Huyu ni mzaliwa wa Rombo, Mkatoliki aliyeolewa kwa Walutheri, sauti ya kwanza, mwenye duka la misumari, rangi na mabati karibu na soko la Kilombero. Mchaga na biashara yake, nani atamshinda? Alisema dunia imebadilika, siku hizi mali hailindwi na mtu, inalindwa na chuma. Dukani kwake limeingia boksi la makufuli mapya kutoka ng'ambo, yanameta kama dhahabu, bei poa. Kila mtu akaingiza mkono mfukoni, Elerai wakachukua makufuli sita. Yaliyobaki aliyabeba tamashani, na siku ya Ijumaa walipofika uwanjani Oldonyo Sambu, kabla hata hema halijasimama, alikuwa ameshawauzia majirani zao, kwaya ya Kikatiti.

Kikatiti waliongozwa na mama anayeitwa Agnela, mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mdomo usiokopesha. Mahema yao na ya Elerai yaligusana kamba. Masanduku ya sare ya kwaya zote mbili yalikuwa ya bati, ya buluu, kazi ya mafundi wale wale wa mjini Arusha, nayo yakawekwa pamoja kivulini. Saa nane mchana Hedwiga akaenda kunyoosha sare. Akaingiza ufunguo, kufuli likafunguka kwa utii, akainua kanzu ya kwanza. Ilikuwa ya kijani. Elerai huvaa zambarau.

Sauti ikatoka nyuma yake, ya upole wa kutisha. Ilikuwa ya Agnela.

"Mama, hilo sanduku ni letu."

Hedwiga alitazama ufunguo, akatazama kufuli, akatazama kanzu. Agnela akatoa ufunguo wake kifuani, akaenda kwenye sanduku la Elerai, akalifungua bila jasho. Wakajaribu begi moja, wakajaribu jingine. Makufuli yote ya boksi lile, ufunguo mmoja! Na watu wa uwanja mzima walikuwa wameyaona yakiuzwa hadharani kama maandazi. Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika jukwaani. Hedwiga hakucheka, alikaa juu ya godoro akajifunika kanga usoni, akisema humo ndani kwamba atamrudishia kila mtu pesa yake, na yule aliyemletea boksi atamtambua.

Kicheko kilipoisha, kikaja kile kimya. Nalepo alikijua hata kabla hajageuka. Watu wakakohoa. Mtu mmoja akasema, bila kumlenga mtu, kwamba ingekuwa makosa makubwa kuacha mali yote hii wazi. Mwingine akasema ubeti mmoja, jamani, unaweza hata kurukwa. Eliasi aliposikia hivyo alifunga daftari lake akasema ubeti ukirukwa, wimbo hauimbwi, na yeye atarudi Elerai kwa miguu. Lakini hata yeye alikuwa na chake hemani, kinanda kipya cha umeme cha mazoezi ambacho usharika ulikichangia miaka miwili.

Nalepo aliumia. Hakuficha, machozi yalimlenga na akayafuta kwa ncha ya shuka mbele ya watu. Alisikia hasira pia, hasira ya mtu anayeaminiwa mpaka anaonewa. Si kwamba walimpenda kidogo, shida ni kwamba walimwamini sana. Akawaacha, akatoka nje, akasimama akiangalia mlima, na chini ya mlima yale mabonde aliyochungia ndama.

Na huko huko ndiko jibu lilikotoka. Baba yake hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote bomani kwake. Wengine walikaa kwa rafiki yake kule juu, wengine kwa rafiki mwingine kule chini, na bomani kwake mwenyewe walilala ng'ombe wa hao marafiki. Ugonjwa ukiingia boma moja, au wezi, hakuna anayefilisika. Lakini Nalepo alikumbuka jambo jingine zaidi. Ndama wao wenyewe akipotea, baba alimtafuta mpaka giza, akarudi akala. Ndama wa rafiki akipotea, baba hakurudi mpaka kapatikana.

Akaingia hema la Kikatiti, akamsalimu Agnela vizuri, akakaa, akamwambia haja yake. Elerai watawapa Kikatiti mizigo yao yote, na Kikatiti watawapa Elerai yao. Kila kwaya ilale na mali ya mwenzake. Hedwiga, aliyekuja nyuma akiwa bado na kanga kichwani, alisikia akaanza kutikisa kichwa kukubali: babu yake Rombo naye alikuwa na ng'ombe kwa watu, na zizini kwake kulikuwa na ng'ombe wa watu. Ni jambo la wazee, na halina ufunguo.

Agnela alivua miwani akaifuta. Akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: na ninyi mkivipoteza vyetu?

"Mama," Nalepo akasema, "vyangu vikiibwa nitalia wiki moja, itakwisha. Vyako vikiibwa mikononi mwangu, mimi nitapita barabara gani?"

 Agnela akavaa miwani yake akasema kwamba kwao mtu anayefuga ng'ombe wa mwenzake hunywa maziwa, sasa maziwa ya mizigo hii yako wapi? Wakacheka, na ikakubaliwa kwamba anayelinda atakunywa chai ya mwenye mali. Ndivyo chupa za chai za Elerai na maandazi yake zilivyohamia Kikatiti, na mkungu wa ndizi mbivu wa Kikatiti ukahamia Elerai, na kila upande uliona umepunja kidogo.

Makabidhiano yalichukua saa nzima. Agnela alitaka kuandika namba. Nalepo akamwomba asihesabu, aandike majina tu. Basi Agnela akaandika na Nalepo akatambulisha, begi moja moja, kama mtu anayeozesha binti. Hili la mistari ni la Hedwiga, mkono mmoja umeungua. Hili lililofungwa kitambaa chekundu ni langu mimi. Hiki ni kinanda, hakipendi vumbi. Walipomaliza, Agnela alisema hajawahi kujulishwa watu wengi hivyo hata arusini.

Jumamosi Kikatiti waliimba, wachache wao wakabaki na mizigo ya Elerai, na Elerai wakalinda mali ya Kikatiti kwa zamu za watu watano watano, wamekaza macho kama polisi wa benki. Watu wale wale ambao miaka saba waliacha mapasi yao wakaenda kutembea, leo walikataa hata kwenda msalani kabla mwenzao hajafika. Hakikupotea hata kijiko. Ila Nalepo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mara tatu alijisogeza kwenye hema la Kikatiti kuchungulia mabegi ya Elerai kwa jicho la pembeni, na mara ya tatu Agnela alitoka akamfukuza, akamwambia ng'ombe akiwekwa kwa mtu, mwenyewe haji kumpapasa kila saa, ni matusi. Mazoezini jioni sauti ya Nalepo ilitoka nyembamba. Eliasi alimvuta pembeni akamwambia kwa heshima zote: sauti unaileta, mama, lakini wewe mwenyewe umebaki hemani.  Ni kweli alikuwa hemani.

Jumapili, saa nne asubuhi, Elerai wakapanda jukwaani, watano wa zamu wakabaki na mali ya Kikatiti. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Mbele yao kulikuwa na watu kama elfu tatu, na kulia kabisa, nyuma ya umati, ule mstari wa mahema. Nalepo aliapa moyoni hatatazama upande huo. Wimbo ukaanza, ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita, ngoma zikapungua kumpisha. Akavuta pumzi. Na jicho lake, lile jicho la bomani, likaenda lenyewe kulia.

Hema la Kikatiti lilikuwa wazi, na ndani hakuna mtu. Hakuna begi wala sanduku. Jicho likajikwaa pale, likakwama.

Ubeti haukutoka. Wameondoka na mizigo. Yeye ndiye aliyewaambia watu arobaini wakabidhi mali zao kwa wageni, yeye ndiye aliyekataa kukaa, na sasa Hedwiga, na mpiga ngoma, na kinanda cha usharika! Miguu ilitaka kushuka jukwaani yenyewe. Eliasi alikuwa ameinua mkono, anangoja. Ngoma ilirudia mapigo yake, ikarudia tena. Umati ukaanza kunong'ona.

Ndipo akaona vumbi pembeni ya uwanja. Walikuja mstari mmoja, watu zaidi ya thelathini wenye kanzu za kijani, taratibu, kwa sababu mtu aliyebeba mzigo kichwani hakimbii. Magodoro yalikuja yamekunjwa. Sanduku la bati lilikuja mabegani mwa wanaume wanne, kama jeneza lenye furaha. Mzee mmoja alikumbatia kinanda, amekifunika kwa koti lake kisipate vumbi. Mmoja alikuwa na pasi mkono huu na pasi mkono huu. Na mbele kabisa, shingo imenyooka, miwani inameta, alikuja Agnela na begi lenye kitambaa chekundu kichwani. Wakafika nyuma ya umati wakasimama. Hawakutua kitu.

Jicho la Nalepo likapita juu yao mara moja, kama jioni mlangoni mwa boma. La mistari, yule pale. La zipu mbovu, yule. Mto wa mpiga ngoma, yule. Wapo wote.

Akafungua mdomo.

Mimi siwezi kukuandikia sauti. Nitasema tu kwamba waliokuwa wakinong'ona walinyamaza, na wauza karanga walioko barabarani waliacha kuita wateja, na Eliasi alisahau kuushusha mkono. Ilipanda taratibu na kushuka taratibu, haikuwa na haraka, kwa sababu mwenyewe hakuwa na mahali pengine pa kuwa. Kwaya ilipoitikia, Hedwiga alikuwa analia wazi wazi na bado hakukosea noti.

Kikombe walichukua wengine, kwaya moja ya mjini yenye magita. Elerai walikuwa wa tatu, na hakuna aliyejali. Waliposhuka, Nalepo alikwenda moja kwa moja nyuma ya umati, vumbi mpaka magotini, na akamkuta Agnela bado ana begi kichwani, jasho linamtoka. Alimshukuru, halafu akamuuliza, huku anacheka, kwa nini hawakuacha hata watu wawili tu hemani na mizigo.

"Hakuna aliyekubali kubaki," Agnela akasema. "Wote walitaka kukusikia. Sasa ng'ombe wa watu ningemwacha na nani? Nikaja naye."

Picha ya mwaka ule ipo ukutani pale ofisini, ya nane. Nalepo yupo katikati, mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Ukiiangalia vizuri, kwa mbali nyuma ya vichwa vya watu, utaona magodoro.

Na jioni ile, kwaya zote mbili zilipokuwa zikipakia malori, Kikatiti wakirudisha hiki na Elerai wakirudisha kile, vicheko na maganda ya ndizi kila mahali, katibu alikuja na kalamu yake kama kawaida akamuuliza Mama Mizigo kama mabegi yapo yote. Nalepo alikuwa amekaa juu ya jiwe na Agnela, wanakunywa chai iliyobaki, migongo yao wameielekeza kwenye lori. Akamwambia amuulize mtu mwingine, yeye hajaangalia.